Anayelipa Kodi za Usafiri Ibanda Haitwi Mezani

Ubishi unaozuka Bukavu kila mara mamlaka za jimbo la Kivu Kusini au za mji zinapoongeza malipo juu ya vyombo vya kubeba abiria umezoeleka kuelezwa kama ugomvi wa pande mbili, ambapo serikali hutafuta fedha za barabara na madereva hukataa kuitoa. Maelezo hayo yana upungufu mkubwa, kwa kuwa yanamwacha nje mtu wa tatu ambaye mwishowe ndiye anayeitoa fedha yote inayogombewa. Katika komini ya Ibanda, ambako ofisi nyingi za jimbo, benki na mashirika ya misaada zimekusanyika, mtu huyo ni mwalimu anayeshuka asubuhi kutoka Panzi, ni mama anayepeleka samaki soko la Nyawera, ni mgonjwa anayefikishwa hospitalini akiwa amebebwa kwenye pikipiki. Abiria ndiye mlipa kodi halisi wa usafiri wa Bukavu, naye hana chama, hana risiti, wala hana kiti katika kikao kinachoamua atoe kiasi gani.

Ibanda ni mojawapo ya komini za kale za mji wa Bukavu, pamoja na Kadutu na Bagira, na inashika sehemu kubwa ya ufuko wa Ziwa Kivu pamoja na rasi zinazoingia ziwani, huku mitaa yake ya Ndendere, Nyalukemba na Panzi ikipanda kutoka majini hadi kwenye miteremko mikali ya kusini. Wabelgiji, waliouita mji huo Costermansville hadi miaka ya 1950, waliupanga kwa ajili ya wakazi wachache, wakaweka barabara chache pana karibu na ziwa na kuyaacha makazi ya Waafrika vilimani. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwasukuma watu wa vijijini kuingia mjini kwa wingi, na nyumba zikajengwa hadi ukingoni mwa makorongo, lakini barabara kuu zikabaki karibu zile zile. Ndiyo maana safari kutoka Nyawera hadi eneo la Essence, na kuendelea hadi Panzi, ambayo kwa umbali si ndefu, huweza kula saa nzima ya mtu wakati wa msongamano.

Mji huu hautegemei mabasi ya umma kwa maana inayoeleweka Ulaya au Marekani, yaani mabasi yanayomilikiwa au kulipiwa na mamlaka ya mji na kufuata ratiba. Kinshasa ilipata kampuni ya serikali ya Transco mwaka 2013. Bukavu, kwa sehemu kubwa mno, hubebwa na magari madogo ya teksi, na mabasi madogo aina ya Hiace, na pikipiki ambazo waendeshaji wake huitwa wamotari. Vyombo vyote hivyo ni mali ya watu binafsi. Kutokana na hali hiyo, mamlaka inapozungumzia kodi ya kugharimia usafiri, kodi hiyo haina pa kuanguka isipokuwa juu ya vyombo hivyo hivyo vinavyotoa huduma, kwa hiyo huduma hutozwa fedha kwa ahadi ya kuboreshwa, na fedha hizo huanza kwa kuifanya iwe ghali zaidi kwa anayeitumia.

Malipo yenyewe ni mengi na ya aina tofauti, na wengi huyaita yote kwa jina moja ingawa sheria inayatenganisha. Kodi, kwa maana ya sheria ya fedha ya Kongo, ni mchango wa lazima ambao mlipaji hadai huduma mahususi kwa kuutoa, ilhali ushuru hulipwa kwa sababu ya huduma au ruhusa fulani. Gari la abiria hulipiwa kila mwaka vinyeti, ambayo ni stika inayounganisha kodi ya magari, yenye msingi katika sheria ya tarehe 10 Februari 1969, na ushuru maalumu wa kutumia barabara. Juu yake huja ruhusa ya kusafirisha abiria inayotolewa na jimbo, ada ya maegesho inayodaiwa na mji, na kwa wanaotoka nje ya mji, peaji, yaani malipo ya kupita katika barabara za taifa, ambayo pamoja na tozo juu ya mafuta huenda kwenye mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, ulioanzishwa kwa sheria ya tarehe 7 Julai 2008. Dereva mmoja hukutana hivyo na watoza fedha wa taifa, wa jimbo na wa mji, kila mmoja akiwa na daftari lake, na kabla hajamaliza siku hukutana pia na wale wanaosimamisha magari pasipo daftari lolote.

Wingi huo wa malipo haukutokana na uroho wa maafisa peke yake, ijapokuwa uroho umo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliyapa majimbo haki ya kubaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa ndani ya mipaka yao, fedha hizo zikatwe papo hapo pasipo kwanza kusafiri hadi Kinshasa. Ahadi hiyo haijatekelezwa inavyotakiwa. Majimbo yamekuwa yakipokea kutoka mji mkuu sehemu tu ya haki yao, tena kwa kuchelewa, na miji na komini, ambazo sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazitambua kama maeneo yenye kujitawala kifedha, zikabaki mwisho wa foleni. Gavana asiyepata sehemu yake hugeukia alicho nacho karibu, na hakuna kitu kilicho karibu zaidi na kilicho rahisi zaidi kusimamishwa kuliko gari lenye abiria. Mwaka 2013, na tena mwezi Machi 2018, serikali ilitoa orodha rasmi ya kodi na ushuru ambao majimbo na maeneo hayo yanaruhusiwa kutoza, ili kuzuia kila ofisi isijibunie malipo yake. Orodha hiyo imesaidia kiasi, kwa kuwa imewapa wananchi kipimo cha kuuliza kama malipo fulani yamo au hayamo. Haikuweza, hata hivyo, kuondoa njaa iliyozaa malipo hayo.

Ili kuelewa kwa nini abiria ndiye anayebeba mzigo, inabidi kuangalia hesabu ya siku ya dereva. Mara nyingi dereva wa teksi ya Bukavu si mwenye gari. Humkabidhi tajiri wake kila jioni kiasi walichokubaliana, hununua mafuta kwa bei ambayo hakuipanga, na kinachosalia ndicho chakula cha nyumba yake. Malipo mapya yanapotangazwa, mwenye gari hapunguzi kiasi anachokabidhiwa, na muuza mafuta hapunguzi bei, kwa hiyo dereva hubaki na nafasi moja tu ya kujinusuru, nayo ni abiria. Nauli za teksi na mabasi madogo huwekwa na mamlaka, hivyo hawezi kuzipandisha waziwazi bila kuhatarisha gari lake. Anachofanya ni kukata njia: safari iliyokuwa moja huigawa mara mbili, akawashusha watu katikati na kuwapakia wengine, na anayekwenda mwisho wa njia hulazimika kupanda gari la pili na kulipa nauli ya pili. Au hupakia mtu mmoja zaidi mbele na mmoja zaidi nyuma. Kwa pikipiki mambo huwa mepesi zaidi, maana nauli yake hupatanwa papo hapo, na ushuru wa asubuhi waweza kuonekana katika bei ya adhuhuri.

Wataalamu wa uchumi huita jambo hili uhamishaji wa mzigo wa kodi, wakimaanisha kwamba anayetajwa na sheria kuwa mlipaji si lazima awe yule ambaye mfuko wake unapungua. Katika Ibanda uhamishaji huo huenda moja kwa moja kuelekea chini. Tajiri anayeishi kwenye rasi ya La Botte na kuendesha gari lake mwenyewe hulipa vinyeti mara moja kwa mwaka na kusahau. Mfanyakazi wa nyumbani kwake, anayetoka Panzi kila siku, hulipa vinyeti ya teksi, ada ya maegesho ya teksi na ushuru wa ruhusa ya teksi kidogo kidogo kila anapopanda, bila kupewa karatasi inayoonyesha kwamba amechangia jimbo. Kwa kipimo cha uwezo, yeye ndiye aliyetozwa zaidi. Hili ndilo jeraha la msingi katika mpango mzima, na linastahili kutajwa kabla ya ubadhirifu na kabla ya rushwa, kwa sababu hata kama kila franga ingefika katika hazina salama, kodi ingebaki imewekwa juu ya mabega yasiyofaa.

Madereva wana chombo cha kusema. Chama cha Madereva wa Kongo, kinachofahamika kwa ufupisho wa Kifaransa ACCO, pamoja na vyama vya wamotari, vimekuwa vikiitisha migomo katika miji ya mashariki pale malipo mapya, bei ya mafuta au usumbufu wa askari wa usalama barabarani unapowazidi, na hoja zao aghalabu ni za kweli: malipo yanayojirudia, risiti zisizofanana, barabara isiyobadilika. Serikali huwasikiliza kwa sababu mji hauwezi kutembea bila wao. Hata hivyo, siku magari yanapoegeshwa, tajiri hubaki na gari lake na ofisi ya mapato hubaki na sheria yake, ilhali mwanafunzi hutembea kwa miguu hadi chuoni na mama mjamzito hupanda kilima cha Panzi polepole akiwa ameshikwa mkono. Kisha wajumbe wa chama huitwa kwa gavana au kwa meya, malipo hupunguzwa au huahirishwa, pengine nauli hupandishwa kama sehemu ya mapatano, na mgomo huisha. Abiria huupata mkataba huo ukiwa tayari, kwa kuambiwa na konvoyeri, yaani kondakta, mlangoni mwa gari. Kusema hivi si kuwalaumu madereva, ambao wanatetea riziki yao kama wafanyakazi wengine wote wanavyofanya. Ni kusema kwamba utetezi wa dereva na utetezi wa mlipa kodi ni vitu viwili, na kwamba Bukavu imekuwa nacho kimoja tu.

Wakazi kutowaamini watoza kodi kuna historia ndefu kuliko jamhuri yenyewe. Mwaka 1910 utawala wa Kibelgiji uliweka kodi ya kichwa ya kulipwa kwa fedha taslimu, na amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ikawalazimisha wanavijiji kufanya kazi za lazima hadi siku 60 kwa mwaka, zikiwemo za kutengeneza barabara ambazo mazao ya makampuni yalipita. Mobutu naye alileta salongo, kazi ya pamoja ya lazima, na ukoo wa fikra ni ule ule: mwananchi hutoa, na anayepokea hatoi hesabu. Mtoza ushuru wa leo huikuta kumbukumbu hiyo mlangoni. Huikuta pia hali inayoonekana kwa macho. Barabara ya taifa namba 5 kutoka Bukavu kwenda Uvira hupita katika mteremko wa Ngomo, mahali penye utelezi na maporomoko, kiasi kwamba wasafiri wengi huvuka mto Ruzizi, wakafuata lami ya Rwanda hadi Bugarama, kisha wakarudi Kongo kupitia Kamanyola. Raia hao hulipia kwa mafuta yao mfuko wa barabara za nchi yao, halafu huvuka mpaka mara mbili ili wasizitumie.

Ziwani mambo huweza kuwa machungu zaidi. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli ya Merdi, iliyotoka Minova katika jimbo hili hili la Kivu Kusini, ilizama karibu na gati la Kituku mjini Goma ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na makumi ya abiria wakafa mbele ya macho ya waliokuwa pwani. Vita vilikuwa vimeifunga barabara ya Minova, na ziwa likawa njia pekee. Abiria wale walikuwa wamelipa nauli ambayo ndani yake mlikuwa na malipo ya bandari na ruhusa za kusafiri majini. Ushuru huo ulidaiwa kwa jina la usalama wao.

Kongo imekwisha kuona pia kwamba upinzani wa walipa kodi waweza kushinda pale mlipaji anapojitambua. Mwaka 2020 serikali ilianzisha malipo ya kuandikisha simu, yaliyojulikana kwa ufupisho RAM, yakawa yanakatwa moja kwa moja katika salio la mtumiaji. Kila mwenye simu aliona kiasi kilichopungua, katika kifaa chake mwenyewe, na hasira ikaenea kutoka Kinshasa hadi Bukavu, bungeni na barabarani, hadi malipo yalipofutwa mwanzoni mwa 2022. Tofauti na ushuru wa teksi ni ya wazi: RAM haikuwa na dereva wa kuificha. Jirani nchini Kenya, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari iliyokuwa katika muswada wa fedha wa 2024 iliondolewa mwezi Juni kwa shinikizo la umma, na siku chache baadaye muswada wote ukaanguka. Tanzania, iliyoongeza mwaka 2021 shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilifuata njia nyingine kidogo, ya kuitaja barabara itakayofaidika wakati ule ule wa kuitaja tozo.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi kwa Ibanda unatoka mbali, Atlanta, Marekani. Mwezi Novemba 1971 wakazi wa kaunti kadhaa za eneo hilo waliulizwa kwa kura kama wako tayari kulipa kodi ya mauzo ya asilimia moja kwa ajili ya mfumo wa mabasi na treni uitwao MARTA. Waliopanga kura walifahamu kwamba maskini wangeona kodi ya mauzo kuwa mzigo usio wa haki, wakaahidi kwamba nauli ya basi ingeshushwa kutoka senti 40 hadi 15 na kushikiliwa hapo kwa miaka saba. Kaunti za Fulton na DeKalb zilikubali, na mwaka 1972 nauli ikashuka kweli, kabla hata treni ya kwanza haijajengwa. Kaunti za Clayton na Gwinnett zilikataa, na si kwa sababu za fedha tu, kwa kuwa hofu ya wazungu wa vitongoji juu ya weusi wa mjini ilikuwa na nguvu katika kura ile. Clayton ilibadili msimamo mwaka 2014. Mji wa Nashville nao ulikataa mpango mkubwa wa usafiri mwezi Mei 2018, kisha mwezi Novemba 2024 ukakubali kodi ya nusu ya asilimia kwa mpango mwingine. Kinachogusa Bukavu katika visa hivi si ukubwa wa fedha, ambao hauna ulinganisho, bali mpangilio wa matendo: abiria aliulizwa, na aliyekubali aliona nauli inapungua kabla ya kuombwa subira ya miaka mingi.

Ufaransa, ambayo mapokeo yake ya sheria yanafanana na ya Kongo, ilichagua mlipaji mwingine kabisa. Tangu 1971 kwa eneo la Paris, na tangu 1973 kwa miji mingine, waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya idadi fulani hutoa mchango wa usafiri unaokadiriwa kwa mishahara wanayolipa, kwa hoja kwamba anayefaidika na mfanyakazi kufika kazini kwa wakati ni mwajiri pia. Hoja hiyo ingeeleweka vizuri Ibanda. Barabara ya Panzi ikitengenezwa, benki hupata wafanyakazi wasiochelewa, na mwenye kiwanja kando ya barabara hiyo hupandisha kodi ya pango mwezi unaofuata. Kifungu cha 204 cha Katiba kinayapa majimbo kodi ya ardhi na majengo na kodi ya mapato ya pango, sambamba na ile ya magari, na mji wenye majumba ya ghorofa yanayozidi kuota kando ya ziwa una mahali pa kutazama kabla ya kuitazama pikipiki. Ugumu uko mahali pengine: mwenye jumba hujulikana ofisini kwa jina na hupokewa kwa heshima, ilhali mmotari hujulikana kwa namba ya jezi yake.

Kuna pia kikwazo cha kisheria ambacho watetezi wa kodi maalumu hawapaswi kukipuuza. Sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011 inashikilia kwamba mapato yote huingia katika mfuko mmoja na kugharimia matumizi yote, kanuni iliyowekwa ili kila wizara isijitengenezee hazina yake. Kwa kawaida, basi, ada ya maegesho ya Nyawera haiwezi kudaiwa itengeneze Nyawera. Sheria hiyo hiyo inaruhusu hata hivyo bajeti na akaunti maalumu katika mipaka fulani, na FONER ni uthibitisho kwamba fedha yaweza kufungwa kwa kusudi moja. Kilichokosekana kwa mfuko huo ni hesabu inayosomeka na mtu wa Essence, kwa lugha anayoielewa, ikimwonyesha kilichokusanywa katika barabara zake na kilichorudi.

Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kwamba hakuna kodi inayowekwa ila kwa sheria, na maana yake ni kwamba kodi hupitia kwa waliochaguliwa na wanaolipa. Katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 wakazi wa komini za miji mikuu ya majimbo, Ibanda ikiwemo, walipiga kura ya kuchagua madiwani wa komini kwa mara ya kwanza tangu Katiba hiyo ianze kutumika, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba abiria angepata mtu wa kumuuliza. Mwezi Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, serikali ya jimbo ikahamia Uvira, na uwanja wa ndege wa Kavumu ukaanguka siku hizo hizo. Malipo yanayotozwa chini ya mamlaka ya silaha hayajapitia kwa mchaguliwa yeyote, na jina la kodi haliyapi uhalali huo. Abiria anayalipa hata hivyo, kwa njia ile ile ya nauli, katika mji ambao benki zilifungwa na fedha taslimu ikawa adimu.

Haki ya abiria ya kumuuliza anayemtoza haikupotea kwa sababu hiyo, na mamlaka yoyote halali itakayokaa Bukavu itaikuta mahali pale pale. Hatua ya kwanza haihitaji fedha wala sheria mpya: vikao vya kupanga nauli na ushuru vinaweza kuwa na wajumbe wa abiria walioteuliwa na mitaa ya Ndendere, Nyalukemba na Panzi, wa Kadutu na wa Bagira, wakae kando ya ACCO na ofisi ya mapato ya jimbo, wakiwa na haki ya kuona hesabu ya ada za mwaka uliotangulia kabla ya kusikia pendekezo la mwaka ujao. Hatua ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kuanza na njia moja, ile ya Nyawera hadi Panzi, nauli yake ishikiliwe kwa safari nzima bila kukatwa, vyombo vinavyotii vipunguziwe ushuru, na pengo lijazwe kwa kodi ya majengo yaliyo kando ya barabara hiyo.